Besi Iliyopotelea Ufani

Vita ilitangazwa Jumapili jioni, sebuleni, muda mfupi kabla ya taarifa ya habari. Binti wa kidato cha pili alisimama katikati ya zulia, risiti mkononi, akimweleza shangazi yake kwa simu jinsi watakavyokwenda Kariakoo kesho yake kumbana muuzaji mpaka arudishe hela. Eafoni zisizo na waya alizozinunua kwa pesa za kudunduliza miezi minne zilikuwa feki. Ushahidi anao. "Hazina besi hata tone, shangazi. Zinalia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua."

Baba yake, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alikuwa akimenya chungwa. Neno "mbu" lilimsimamisha kisu. Mbu huyo alikwisha kumsikia miaka ipatayo 20 iliyopita, ndani ya eafoni nyingine, na yeye pia alifunga safari ya Kariakoo kwenda kugombana. Ila wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwuliza swali alilomwuliza bintiye jioni hiyo: "Boksi lake umeliweka wapi?"

Boksi lilikuwa chini ya kochi. Ndani yake, chini ya karatasi ya maelekezo ambayo hakuna aliyeisoma, kulikuwa na kifuko cha nailoni kisichofunguliwa, na ndani ya kifuko jozi mbili za vimpira vya silikoni: vidogo na vikubwa. Vya kati huwa vimeshavalishwa eafoni tangu kiwandani. Baba alikiweka kifuko mezani kando ya maganda ya chungwa. Akaomba apewe dakika tano kabla shangazi hajaanza kutafuta nauli.

Mwaka 2006 alikuwa kidato cha tano na mmiliki wa kicheza muziki cha ukubwa wa kiberiti, megabaiti 256, zilizotosha nyimbo kama sitini. Eafoni zilizokuja nacho zilikuwa za mtindo wa zamani, zile bapa zinazoegemea mlangoni mwa sikio kama kifungo cha koti. Alipoziona kwa mara ya kwanza zile za kuzamisha, zenye vimpira, katika duka moja la Mtaa wa Aggrey, alitoa shilingi 6,000, akararua boksi palepale barazani na kutupa kifuko cha vimpira vya akiba pamoja na nailoni yake. Alidhani ni takataka za kiwandani, kama vile vifuko vya punje vinavyokutwa ndani ya viatu vipya.

Nyumbani aliweka wimbo wa bendi ya Msondo. Nyimbo za bendi hiyo alizijua tangu utotoni, kwa redio ya mjomba iliyokaa juu ya kabati, na alijua kila mahali gitaa la besi linapoingia na kuinua miguu ya wachezaji. Safari hii halikuingia. Matarumbeta yalikuwepo, tena makali kama wembe, waimbaji walikuwepo, lakini chini yao palikuwa patupu, kana kwamba mpiga besi ametoka nje kunywa maji na hakurudi.

Kesho yake akarudi dukani. Muuzaji, mtu wa miaka thelathini na kitu, hakubishana. Alizifuta eafoni kwa pindo la shati, akazichomeka masikioni mwake, akabonyeza kitufe. Kichwa kikaanza kutikisika. Akaongeza sauti, na mabega nayo yakafuata.

"Dogo, mbona inapiga fresh? Besi hii hapa. Labda masikio yako ndiyo feki."

Waliokaa barazani walicheka. Kijana alibadilishiwa jozi, mbu akawa yuleyule. Alipodai jozi ya tatu aliambiwa aende zake, watu wanafanya biashara. Aliondoka na eafoni mfukoni na kinyongo moyoni, akawaonya wenzake wa darasa lote wasikanyage duka lile. Hata alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye ndevu, kila mazungumzo yalipogusa utapeli wa mjini, alikuwa na kisa chake tayari: muuzaji mwongo aliyejitikisa mabega kwa besi ambayo haikuwepo.

Besi ilikuwepo. Muuzaji alikuwa mkweli tupu. Eafoni ilikuwa moja na wimbo ulikuwa mmoja. Masikio ndiyo yaliyokuwa mawili. Katika tundu la sikio la muuzaji kimpira cha kati kilikaa kama kizibo kwenye chupa. Katika sikio la mwanafunzi, ambalo tundu lake lilikuwa jembamba zaidi, kimpira hichohicho kilikwama mlangoni, kikajikunja upande mmoja na kuacha ufa usioonekana kwa macho.

Ajabu yenyewe ni kwamba eafoni hutoa besi hata kidogo. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo likisafiri hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Ndiyo maana maspika ya besi kwenye kumbi za harusi huwa na kipenyo cha inchi 15 au 18, na hushushwa garini na vijana wawili wenye vifua. Utando wa eafoni ni milimita kumi tu, mara nyingi chini ya hapo. Ukiuning'iniza katikati ya chumba husikii besi yoyote.

Kinachouokoa utando huo ni kufungiwa. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anaujua mchezo wa kuziba mdomo wa pampu kwa kidole. Kidole kikikaza, msukumo mdogo wa mkono unatosha kukifanya kidole kiumie. Kidole kikilegea hata kwa unene wa uzi, hewa inatoka fsss, na mkono unasukuma bure. Sikio lililozibwa vizuri ni pampu iliyozibwa: hewa iliyobaki kati ya utando na kiwambo cha sikio ni kidogo mno, hata tetemeko la utando mdogo huibana na kuilegeza, na kiwambo hufuata. Mita nane za wimbi hazihitajiki tena. Kinachohitajika ni kubanwa.

Ufa nao una ubaguzi wake. Watu wakisukumwa polepole kuelekea mlango mwembamba, watatoka. Wakisukumwa na kuvutwa, kusukumwa na kuvutwa, mara elfu kadhaa kwa sekunde, hakuna atakayefika hata kizingitini. Hewa iliyo ndani ya ufa ina uzito wake na inahitaji muda kusogea. Besi huipa muda huo, kwa hiyo hutoroka. Sauti nyembamba haziipi, kwa hiyo hubaki zote. Ndipo anapopatikana mbu: matarumbeta kamili, sauti za waimbaji kamili, na desibeli 10 au 15, wakati mwingine hata zaidi, za besi zimekwenda na upepo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kijana wa 2006 aliujenga kweli. Aliingia kwenye kisawazisha sauti cha kicheza muziki chake, akapandisha upande wa besi mpaka juu. Kuongeza desibeli 10 ni kukitaka kifaa kitoe nguvu mara kumi, na kile kikasha cha ukubwa wa kiberiti hakikuwa nayo. Sauti ikaanza kukwaruza kama kijiko kinachokomba masufuria. Hatua iliyofuata ilikuwa kuongeza sauti yote. Asubuhi katika daladala la Mwenge kwenda Posta ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ngurumo ya injini ni besi pia, na ufa unaoitoa besi ya wimbo nje ndio unaoiingiza besi ya injini ndani. Sauti ikapanda mpaka mwisho. Siku moja kondakta alimgusa bega.

"We mwanafunzi, hapa ndiyo mwisho wa gari. Ulikuwa unashuka wapi?"

Alitakiwa kushuka vituo vitatu nyuma. Usiku huo masikio yalimvuma mpaka usingizi ukamchukua, na hakuhusisha jambo hilo na kifuko alichokitupa barazani.

Somo la pili lilimkuta jukwaani, mwaka 2013, akiwa msaidizi wa fundi mitambo katika bendi ya kupiga harusini na kwenye hoteli za ufukweni. Kiongozi wa bendi alikuwa amepata kwa mtu eafoni za jukwaani zilizokwisha kutumika, ili waimbaji wajisikie wenyewe bila kuweka maspika miguuni, ambayo kila mara yaliifanya maiki ipige mluzi. Duniani jambo hilo halikuwa geni. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen nchini Marekani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen eafoni za kuvaa jukwaani, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Zile zilifinyangwa kwa kufuata sikio la mvaaji. Za bendi hii zilikuwa na vimpira vya kawaida, vilevile kwa kila mtu, vikipokezanwa baada ya kufutwa kwa spiriti.

Mwimbaji mkuu alikuwa mwanamke wa makamo ambaye bendi nzima ilimwita mama. Usiku wa kwanza alilalamika baada ya wimbo wa pili. Usiku wa pili alilalamika katikati ya wimbo, kwa ishara ya mkono.

"Mwanangu, besi inanikimbia kila ninapopandisha. Nikishuka, inarudi. Unaichezea?"

Msaidizi alibadilisha betri. Akabadilisha waya. Akabadilisha hata njia kwenye mikisa. Kila aliposikiliza kwa eafoni zake mwenyewe, besi ilikuwa palepale. Akaamua kumridhisha: akasukuma besi ya mama juu kwa kiasi ambacho leo anaona haya kukitaja. Wimbo uliofuata ukaanza. Mama, kwa mazoea ya mtu anayerekebisha hereni, akabonyeza eafoni ya kulia kwa kidole. Ufa ukazibika ghafla, na besi yote iliyorundikwa ili kuufidia ikaingia kwa mpigo. Alizing'oa zote mbili kama aliyeingiwa na siafu, akaimba wimbo mzima zikimning'inia shingoni, akitabasamu kwa maharusi na kumtupia msaidizi jicho ambalo halikuwa la harusi.

Fundi mkuu, mzee aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, hakwenda kwenye mikisa. Alisimama pembeni ya jukwaa, akamwangalia mama kinywa.

Anayesoma hapa anaweza kujaribu alichokuwa anakiona mzee. Ingiza kidole kidogo kwenye tundu la sikio, kisha fumbua kinywa mpaka mwisho. Ukuta wa mbele wa tundu unasogea, kwa sababu kiungo cha taya kimekaa jirani yake kabisa. Kwa anayesikiliza taarifa ya habari kitandani hilo si kitu. Kwa mwimbaji anayefumbua kinywa kupandisha kiitikio, tundu linabadilika umbo katikati ya neno, kimpira cha silikoni kinachelewa kulifuata, na besi inatoka. Mama alikuwa ameeleza ugonjwa wake kwa usahihi wa daktari tangu usiku wa kwanza: ikipanda sauti, besi inakimbia, ikishuka, inarudi. Msaidizi ndiye aliyekuwa anasikiliza mitambo badala ya kumsikiliza mtu.

Mapumziko ya saa nne usiku mzee alitoa mfukoni vimpira vya aina nyingine, vya sponji, vile vinavyofinyika kama mkate mbichi na kurudi polepole. Sponji ya namna hiyo aliizoea kiwandani kwenye vizibo vya masikio vya kujikinga na kelele za mashine. Akaonyesha namna ya kuvivaa. Unakifinya na kukiviringisha kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Mkono wa upande wa pili unapitishwa juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, ili tundu linyooke. Unakiingiza, unakishikilia kwa nusu dakika bila papara mpaka kivimbe kujaza kila kona. "Wengi wanakisukuma tu kama kizibo cha gongo," alisema, "halafu wanalaumu sponji."

Baada ya mapumziko mama aliimba nyimbo saba mfululizo. Besi ya mikisa ilirudishwa mahali pake pa kawaida. Sponji ina kasoro zake, na haifai kuficha: inakunywa jasho na poda, inalegea baada ya wiki chache za kazi, na kwa bendi ya watu kumi ni gharama ya kudumu ambayo kiongozi wa bendi hakuipenda. Lakini inafuata taya.

Mama mwenyewe ndiye aliyechoka kununua sponji. Mwaka uliofuata alikwenda kliniki ya usikivu kupigwa chapa ya masikio, ili afinyangiwe eafoni zake, na akamchukua msaidizi amsindikize, labda kama adhabu. Mtaalamu alichungulia kwa kurunzi yake ndogo, akaweka pamba yenye uzi ndani ya tundu kukinga kiwambo, kisha akampa mama kipande cha kuuma, kinywa kikae wazi. Msaidizi alielewa mara moja. Chapa ilikuwa inapigwa katika umbo la kuimba. Silikoni laini ikaingizwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wakangoja dakika chache, ikavutwa imeshakuwa ngumu.

Ni kitu cha kutazama. Watu hufikiri tundu la sikio ni bomba lililonyooka. Chapa ile ilikuwa na mipindo miwili, kama mzizi wa muhogo uliokutana na jiwe. Tundu la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi na upana wa milimita saba au zaidi kidogo, na halina umbo la duara kamili. Theluthi ya nje ni gegedu, inayokubali kusukumwa. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa ngozi nyembamba sana, usiotaka mzaha. Chapa za mama zilipowekwa sambamba mezani, ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia. Mtu mmoja, masikio mawili, saizi mbili. Na bado vimpira huuzwa kwa jozi, na kila mtu huvaa jozi.

Mtaalamu aliongeza jambo moja alipokuwa akinawa mikono. Wengi wanaomletea eafoni ya upande mmoja "iliyokufa" hawana tatizo la umeme. Nta ya sikio imeziba kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa eafoni. Msaidizi alikagua zake ndani ya teksi, akanyamaza.

Kuhusu besi, basi, alikuwa ameshaelimika. Sauti nyembamba zilimchelewea zaidi, na zilikuja na mtoto wa shangazi yake mwenyewe aliyerudi likizo kutoka Muscat. Ndugu huyo alikuwa na eafoni za Etymotic ER-4, kifaa kilichoanza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Mead Killion, mtaalamu wa Marekani aliyetokea kwenye utafiti wa vifaa vya kusaidia usikivu. Vimpira vyake vina miavuli mitatu, mdogo, wa kati na mkubwa, imepangana kama mti wa Krismasi, na vimekusudiwa kuzama mbali kuliko mtu anavyodhani ni heshima kuzamisha kitu sikioni.

Jaribio la kwanza liliishia kwenye kikohozi. Kwa baadhi ya watu tawi la neva ya vagasi, ile inayoshuka mpaka kooni na kifuani, hufika pia kwenye ngozi ya tundu la sikio, na likiguswa mwili hudhani kooni kuna kitu. Alikohoa mpaka shangazi akaleta maji. Jaribio la pili alivisukuma nusu tu, na hapo ugomvi ukaanza. Ndugu wa Muscat aliweka taarabu ya Zanzibar na kusema sikiliza ala ya kanuni inavyomwagika. Mwandishi alisikia sindano. Kila "s" ya mwimbaji ilikwangua kama msumari kwenye bati, na fidla zilimuuma meno.

"Masikio yako yameharibiwa na jukwaa," ndugu alisema.

"Na yako yameharibiwa na kiyoyozi."

Wangeweza kubishana mpaka Idi. Kilichoumaliza ubishi ni shangazi kutoa chupa za soda mezani. Mtoto mmoja alikuwa akipuliza midomo ya chupa: iliyojaa nusu ililia juu, iliyokaribia kwisha ililia chini. Hewa iliyofungwa ndani ya kitu chochote ina mlio inaoupenda, na ikifupishwa mlio hupanda. Hewa kati ya ncha ya eafoni na kiwambo cha sikio ni chupa vilevile. Katika mkao wa kawaida mlio wake huwa karibu na hezi 8,000. Eafoni ikiachwa mlangoni, safu ya hewa hurefuka na mlio hushuka, ukaingia kwenye eneo ambalo "s" na "sh" za binadamu zina makali yake, na kila "s" hupigiwa tarumbeta. Ikizamishwa zaidi, mlio hupanda na kuyaacha maneno salama. Milimita mbili au tatu zinatosha kumgeuza mwimbaji yuleyule kutoka asali kuwa ndimu.

Jaribio la tatu alilifanya kwa kufuata somo la mzee wa bendi: mkono juu ya kichwa, sikio livutwe juu na nyuma, taratibu. Alisikia chumba kikizimika. Feni, watoto, sahani, vyote vikaenda mbali. Kisha kanuni ikamwagika kweli. Akatambua pia jambo ambalo hakulitarajia, kwamba sauti yake mwenyewe alipozungumza haikunguruma ndani ya kichwa kama inavyonguruma kwa eafoni za kawaida. Anayevuma huku ameziba masikio kwa vidole anaijua ngurumo hiyo. Inatoka kwenye gegedu la nje linalotetemeshwa na koo, na kwa kawaida hutokea mlangoni bila mtu kuijua. Ukifunga mlango inabaki ndani. Kizibo kinachofika kwenye mfupa huiachia nafasi ndogo ya kujijenga.

Tangu hapo amewaona wengi wakipoteza hela kwa jambo hilihili. Rafiki mmoja amenunua eafoni nne katika miaka mitatu, kila moja ghali kuliko iliyotangulia, akizishutumu kwa kosa lilelile, na vifuko vyote vinne vya vimpira vimo kwenye droo yake, havijafunguliwa. Mchagua jembe si mkulima, walisema, lakini huyu halichagui jembe, anabadilisha mashamba huku mpini umelegea. Kampuni kubwa nazo zimeliona tatizo. Apple ilipotoa AirPods Pro mwaka 2019 iliweka ndani ya simu jaribio linalopiga muziki mfupi, huku maiki iliyo ndani ya sikio ikisikiliza kama besi inavuja, kisha simu humwambia mvaaji abadilishe kimpira au akirekebishe. Hayo ndiyo aliyoyafanya mzee wa bendi kwa kumwangalia mtu kinywa.

Jumapili ile binti hakuwa na eafoni za namna hiyo, kwa hiyo maiki ilikuwa yeye mwenyewe. Chungwa lilikuwa limekwisha. Baba alivua vimpira vya kati, akavisha vidogo, akamfundisha kuvuta sikio juu na nyuma. Binti aliweka singeli. Uso haukubadilika kwa sekunde mbili. Halafu macho yakapanuka, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kupunguza sauti.

"Upande wa kushoto tu," alisema. "Kulia bado mbu."

Kulia wakarudisha cha kati. Kikakaa. Binti mmoja, saizi mbili, kama mama wa bendi.

Namba kwenye simu yake ilikuwa imeshuka kutoka karibu na mwisho mpaka chini kidogo ya nusu, bila mtu kumhubiria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa wastani wa desibeli 80, na kwa watoto desibeli 75, na baba alikuwa na hotuba nzima tayari kuhusu hilo. Aliona hakuna haja. Shangazi alipigiwa tena, vita ikaahirishwa.

Kesho yake walikwenda Kariakoo hata hivyo, kutafuta vimpira vya akiba. Vilipatikana kwenye meza ya barabarani, shilingi 1,000 jozi, vimefungwa kwenye nailoni zilezile. Mwandishi aliongoza njia mpaka Mtaa wa Aggrey na kusimama mbele ya baraza aliyoikumbuka. Duka sasa linauza mapazia. Kijana aliyekaa mlangoni hakumjua aliyeuza eafoni hapo zamani. Hata mwenye jengo, alisema, amebadilika mara mbili.

"Ulikuwa unamdai, mzee?"

"Ananidai yeye."

Alipogeuka, binti alikuwa ameshaanza kuvuka barabara, kichwa kikitikisika, mabega yakifuata. Bodaboda ilipiga honi mara tatu. Binti hakusikia hata moja. Baba alimkamata mkono akamrudisha barazani, akachomoa eafoni ya kushoto na kumwekea kiganjani, na wakavuka hivyo, sikio moja kwenye singeli na jingine Kariakoo.